Kiroboto ni wa Mbwa, Sumu ni ya Nani?

Msafiri atokaye Urambo na kuingia Tabora wakati wa magharibi huwaona mbwa wamelala milangoni, ua baada ya ua. Mbwa hao hawakuwekwa kwa pambo. Hulinda ng'ombe, huwafukuza nyani na nguruwe shambani, na usiku humwamsha mwenye nyumba mwizi ajapo. Basi si ajabu kwamba mwenye mbwa, amwonapo mnyama wake akijikuna mpaka ngozi ikatoka damu, hutafuta dawa. Tutakalo kulizungumza leo ni dawa yenyewe, na mahali itokapo.

Tabora ni nchi ya tumbaku na mifugo. Mkulima ana chupa yake ya kuulia vidukari, mfugaji ana ya josho, na fundi wa nyumba ana ya mchwa. Kibakicho katika chupa hizo aghalabu humwishia mbwa. Mtu hupima kwa kifuniko au kwa macho tu, akachanganya katika karai, akamwogesha mnyama kwa mikono mitupu huku watoto wakimshika masikio asikimbie. Mwingine hudhani ametumia busara zaidi: huloweka majani ya tumbaku usiku kucha, kwa kuwa ni mmea wa shambani mwake na wala hakuununua dukani. Lakini nikotini iliyomo katika majani hayo ni sumu, nayo hupenya ngozi. Wachumaji wa tumbaku mbichi wanaijua sana. Majani yakiwa na umande, wao hurudi nyumbani na kizunguzungu na matapiko.

Twaweza kuulizwa: mbona dawa nyingine za viroboto ziuzwazo na waganga wa mifugo zina kemikali zile zile? Ni kweli. Imidaklopridi ipuliziwayo tumbaku ndiyo itiwayo pia katika matone ya kupaka mbwa shingoni. Amitrazi ya josho la ng'ombe hutumika kwa kupe wa mbwa. Tofauti imo katika kipimo. Matone ya mbwa yametengenezwa kwa uzito wa mbwa. Maji ya shambani yalikusudiwa kuongezewa maji mengi na kupuliziwa majani. Na hata iliyo halali kwa mbwa haimfai kila mnyama: permetrini, ambayo mbwa huivumilia, humwua paka, kwa maana ini lake haliwezi kuivunja.

Zilizo mbaya zaidi kwa binadamu ni zile za jamii ya organofosfati. Hizi huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, ndipo mishipa ikafanya kazi bila kupumzika. Mtu hutokwa na mate, machozi na jasho. Mboni za macho husinyaa, tumbo husokota, misuli hutetemeka, na mwisho pumzi hukatika. Mtoto huwahi kudhurika kuliko baba yake, maana mwili wake ni mdogo, hucheza chini, humkumbatia mbwa, kisha hutia vidole kinywani. Klorpirifosi, moja katika jamii hiyo, ilitiwa zamani hata katika mikanda ya shingo ya mbwa. Mwaka 2000 serikali ya Marekani ilipatana na watengenezaji kuiondoa katika matumizi mengi ya majumbani, kwa hofu ya madhara yake kwa watoto. Lindani, iliyowahi kuwamo katika unga wa viroboto, iliwekwa mwaka 2009 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kukomeshwa.

Wala sumu haibaki juu ya mbwa. Mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walitangaza kwamba fipronili, dawa ya viroboto, ilionekana karibu katika kila sampuli waliyoichunguza ya maji ya mito 20. Kwetu mbwa huogeshwa kando ya kisima. Na nyuki wetu, ambao asali yao imeipa Tabora jina, hufa kwa fipronili na kwa imidaklopridi pia.

Hapa yafaa kukumbuka njia ya misafara. Njia ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe hata Ujiji, ilipitisha pembe na nguo, na watumwa waliofungwa minyororo. Pamoja nao ilipitisha wadudu. Mwaka 1905 Daktari Robert Koch aliichunguza homa ya papasi katika nchi yetu, wakati huo ikiwa chini ya Wajerumani. Aliwakuta papasi katika vibanda vya kulala wasafiri. Mchana walijificha katika vumbi la sakafu, usiku wakatoka kunyonya damu. Shauri lake lilikuwa wasafiri walale mbali na vibanda hivyo.

Kiroboto naye ana tabia inayofanana. Wale waonekanao manyoyani ni wachache. Mayai hudondoka, na funza wake hukua katika vumbi, katika nyufa, na katika gunia alalalo mbwa. Amwogeshaye mbwa kwa sumu kila Jumamosi na kumrudisha kwenye gunia lile lile anawanunulia viroboto chakula kipya. Gunia lichemshwe au lichomwe, sakafu ifagiliwe na taka zake zichomwe, ya udongo ikandikwe upya, na mbwa aoshwe kwa sabuni na kuchanwa kwa kitana chenye meno ya karibu. Ikiwa dawa ni lazima, aulizwe bwana mifugo, uzito wa mbwa ukitajwa. Viuatilifu vya mashambani husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Lebo husema kila kimoja kimesajiliwa kwa kazi gani. Chupa ya soda iliyojazwa dawa sokoni haina lebo.

Mtu akimwagikiwa, avuliwe nguo upesi na kuoshwa kwa sabuni na maji mengi, naye amsaidiaye avae mifuko mikononi. Akiwa ameimeza, asilazimishwe kutapika wala asinyweshwe maziwa. Apelekwe hospitali, na chupa yenyewe ichukuliwe pamoja naye, kwani atropini humfaa aliyedhuriwa na organofosfati lakini siyo dawa ya kila sumu, na daktari hawezi kujua kilichokuwamo kwa kunusa nguo za mgonjwa.