Trekta ndogo ipewe uzito wa chuma, si wa kijana

JEMBE la sahani linapoinuliwa mwisho wa shamba, magurudumu ya mbele ya trekta ndogo huwa mepesi. Dereva anakata usukani, trekta haitii, inakwenda moja kwa moja hadi kwenye mahindi ya jirani. Wapo wenye trekta ambao wakiona hivyo humwita kijana akae juu ya boneti ili aikandamize. Kijana huyo akiteleza, anaangukia mbele ya magurudumu.

Kwa mwenye trekta wa Elerai, jijini Arusha, anayepata kazi ya kulima kwenye miteremko ya Mlima Meru, hatari inaongezeka. Trekta inapopanda, mlima wenyewe huhamishia uzito nyuma. Mbele ikinyanyuka, inaweza kupinduka kinyumenyume kabla dereva hajakanyaga klachi.

Dawa yake ni kufunga uzito upande ulio kinyume na zana, kama mizani ya sokoni. Katika nchi za theluji kama Canada, trekta ndogo za bustani hufungwa mbele mashine ya kuondoa theluji, kwa hiyo uzito huongezwa nyuma. Huku kwetu jembe liko nyuma, basi uzito uende mbele.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua jembe la kilo 200 ambalo kitovu chake kiko mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha, unapata 300. Kama vyuma vitafungwa mita 2.5 mbele ya ekseli hiyo hiyo, gawanya 300 kwa 2.5. Kilo 120 zinalisawazisha jembe lote. Mara nyingi pungufu ya hapo inatosha, kwani injini nayo ina uzito wake. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba jembe likiwa juu, ekseli ya mbele ibaki imebeba angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu.

Vyuma vya kiwandani vikiwa ghali, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu ya kubebea zege. Ndoo ya lita 20 iliyojaa zege ina karibu kilo 48. Ifungwe kwa boliti, si kwa kamba.

Magurudumu ya nyuma yana hesabu yake. Yakizunguka bure kwa asilimia 30 badala ya 12, kazi ya saa 4 inakuwa ya saa 5, na dizeli ya saa hiyo inatoka mfukoni mwa mwenye trekta.

Kupima, chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Lima mizunguko 10 na uweke vigingi mwanzo na mwisho. Rudia umbali huo jembe likiwa juu, ukihesabu tena. Ukipata mizunguko 8.5 hadi 9, uzito unatosha. Ukipata 8 au chini yake, ongeza. Ukipata 9.5 au zaidi, trekta ni nzito mno, punguza.

Njia rahisi ya kuongeza uzito huo ni kujaza maji kwenye matairi ya nyuma, yasizidi robo tatu. Kila lita ni kilo moja. Lakini maji hayo hayazuii mbele kunyanyuka, kwa sababu yamekaa pale pale trekta inapoegemea.

Uzito ukizidi kiwango cha kitabu cha trekta, ekseli na matairi huumia, na udongo hugandamizwa kiasi cha mizizi kushindwa kupenya. Kazi ya kulima ikiisha, vyuma vifunguliwe. Kwa asiye na kitabu, CAMARTEC, taasisi ya umma ya zana za kilimo iliyoanzishwa mwaka 1981, iko hapo hapo Arusha.

Na yule kijana wa boneti ashuke, apewe kazi ya kuhesabu mizunguko.