Tokyo, mji unaokugawia kazi

Anayekwenda Tokyo kwa mara ya kwanza huwa ameshaambiwa habari za usafi. Asichoambiwa ni kwamba mapipa ya taka ni adimu. Unanunua ndizi, unaila, halafu unatembea na ganda lake mkononi nusu saa nzima, mtaa baada ya mtaa, na chini huoni hata kipande cha sigara. Mapipa mengi yaliondolewa baada ya Machi 1995, wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo walipoachia gesi ya sumu ya sarini ndani ya treni za chini ya ardhi na kuua watu. Tangu hapo pipa likaonekana mahali pa kufichia balaa, na mengi hayakurudishwa tena. Watu wakazoea kurudi na taka zao nyumbani, na leo hakuna anayemshangaa bwana wa suti na tai mwenye kopo tupu ndani ya mkoba wa kazini.

Hilo lilinifungua macho kuliko maghorofa na taa za mtaa wa Shibuya. Kwetu tukiisifu Japani husema wale watu wana pesa, au wamestaarabika, yakaishia hapo. Mimi naona siri ni nyingine: mji umegawa kazi zake. Kila mtu, hata mgeni aliyeingia jana na begi mgongoni, anapewa kipande chake, na hakuna wa kumfanyia.

Chukua chupa ya maji. Hosteli niliyofikia ilikuwa upande wa Asakusa, na usiku nilipenda kumtazama mzee wa zamu akisafisha jikoni. Anafungua kifuniko, anakitia kwenye ndoo yake. Anabandua karatasi ya jina, anaitia kwenye ndoo nyingine. Anaisuuza chupa, anaikanyaga mpaka iwe bapa, ndipo anaitia kwenye ndoo ya tatu. Haraka hana. Asubuhi mifuko inatolewa kando ya njia kwa siku yake: siku ya taka za kuchomwa, siku ya makopo, siku ya karatasi, na ratiba yote imebandikwa ukutani. Juu ya mifuko hutandazwa wavu, kwa sababu kunguru wa Tokyo ni wakubwa na hawana adabu hata kidogo. Nilifurahi kukuta kiumbe mmoja asiyefuata utaratibu.

Tokyo pamoja na miji iliyoungana nayo ina watu kama milioni 37, zaidi ya nusu ya Watanzania wote, na asubuhi unaona kama wote wamekubaliana kupitia kituo cha treni cha Shinjuku. Kituo hicho hupitisha abiria kama milioni 3 kwa siku na kina njia za kutokea zaidi ya 200. Ukitokea kusiko, kurudi unakotaka ni safari nyingine. Lakini kugombania hakuna. Sakafuni pamechorwa alama ya pale mlango wa behewa utakaposimama. Watu hupanga foleni pembeni, wanaoshuka wakapita katikati, ndipo wanaopanda wakaingia. Aliyezoea kupandia daladala dirishani saa kumi na mbili jioni atabaki kukodoa macho.

Ndani ya treni ni kimya. Simu haipigwi wala haipokelewi, na begi la mgongoni linageuziwa kifuani lisimsukume mtu wa nyuma. Wengine huuita ukimya huo adabu. Mimi saa nyingine niliuona ni uchovu mtupu. Watu wanasinzia wima, shingo zimelegea, na kwa uganga wanaoujua wenyewe wanazinduka kwenye kituo chao. Treni ikichelewa dakika chache, kampuni inatoa cheti cha kuchelewa ukamwonyeshe mwajiri. Mara nyingine sababu ubaoni huandikwa tu kwamba kumetokea ajali iliyomhusisha mtu, na mara nyingi ni mtu aliyejirusha relini. Abiria wanatazama saa, wanatafuta njia nyingine. Sikuipenda sura hiyo ya mji, na sioni kwa nini wanaoisifu Japani wairuke.

Uaminifu wao nao una sheria nyuma yake. Kila baada ya mitaa michache kuna kibanda cha polisi kiitwacho koban, na ukiokota kitu ndiko unakokipeleka. Mwaka 2023 pesa taslimu zilizookotwa na kupelekwa polisi Tokyo zilizidi yeni bilioni 4. Ni kweli watoto wanafundishwa hivyo tangu wadogo, lakini pia sheria inampa aliyeokota haki ya kudai zawadi ya kati ya asilimia 5 na 20, na mwenyewe asipotokea kwa miezi mitatu, kitu kinaweza kuwa chake. Uaminifu haujaachiwa moyo peke yake.

Kwenye vibanda hivyo ndiko pia watu huulizia njia. Mitaa mingi haina majina. Kinachohesabiwa ni kitongoji, kisha kipande cha ardhi, kisha nyumba, na namba za nyumba si lazima zifuatane. Hata wenyeji hutembea na ramani. Usiku ukipotea, polisi anatoka na kitabu chake kipana, anakuonyesha kwa kidole.

Niliyemwonea wivu zaidi ni mtoto wa miaka sita au saba, kofia ya njano kichwani, mkoba mgumu mgongoni, akipanda treni peke yake kwenda shule. Hana dada wa kumsindikiza. Akifika huko, yeye na wenzake ndio wanaogawa chakula cha mchana na kufagia darasa.

Duka la konbini ndilo linalomlea msafiri asiye na kitu. Linafunguliwa saa 24. Utapata wali uliofumbatwa kwa mwani, kahawa, soksi, mashine ya kutolea pesa, na dirisha la kulipia bili ya umeme. Ukiingia, muuzaji anakukaribisha kwa sauti, na hakuna anayetegemea umjibu. Kwa mtu aliyelelewa kwenye shikamoo na marahaba, salamu isiyoitikiwa ni mzigo. Unaweza kumaliza siku nzima mjini humo, ukala, ukasafiri, ukaoga, ukalala, bila kusema na mtu, kwa kuwa hata kwenye mgahawa wa tambi unanunua tiketi kwenye mashine mlangoni. Mara nyingi nyuma ya kaunta ni kijana wa Nepali au Vietinamu. Asilimia 29 hivi ya Wajapani wamepita miaka 65, na mikono ya kufanya kazi haitoshi; ndiyo maana barabarani penye ujenzi utamkuta mzee ameshika fimbo ya taa nyekundu, akimwinamia kila apitaye.

Magari ndiyo yaliyonichekesha. Noah, Probox, Hiace, yote nayajua, ila kule hayana hata mkwaruzo. Na yule dada wa sauti ya mashine anayeongea Kijapani kila unapowasha gari, ambaye Dar es Salaam anasema peke yake miaka nenda rudi, kule ana shughuli: anakumbusha kadi ya kulipia barabara kuu. Gari la Tokyo ni mzigo kwa mwenyewe. Tangu sheria ya mwaka 1962, mnunuzi lazima athibitishe kuwa ana mahali pa kulilaza, si mbali na kwake. Ukaguzi wa lazima huanza gari likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, kwa gharama inayouma. Likipita miaka 13, kodi nayo inapanda. Mtu anaona heri auze. Bandarini kwetu linashuka likiwa bado na nguvu, na sisi na wao wote tunaendesha upande wa kushoto.

 

Chooni ndiko Mswahili atakapojisikia nyumbani. Tangu mwaka 1980, kampuni ya TOTO ilipotoa choo chake chenye bomba la kuoshea, maji yamekuwa jambo la kawaida, tena ya uvuguvugu. Waliozunguka Ulaya na chupa ya maji mkobani wanajua ninachosema.

Mwenye nia ya kwenda aanze na viza: Mtanzania anaihitaji, na lazima apeleke ratiba ya siku kwa siku. Aepuke mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, sikukuu zinapofuatana na nchi nzima iko safarini. Mwislamu awe macho na supu za tambi, nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Kwenye msikiti wa mtaa wa Yoyogi-Uehara, Tokyo, uliojengwa mwaka 1938 na kujengwa upya na Waturuki mwaka 2000, kuna duka la vyakula halali. Na viatu avae vya kuchomeka, visivyo na kamba, maana hata kwenye chumba cha kujaribia nguo dukani vinabaki nje.