Mpingo na Subira ya Fundi
Fundi wa Kijapani huipamba kalamu ya wino kwa utomvu wa mti uitwao urushi, tabaka juu ya tabaka. Nao utomvu huo, kinyume cha rangi nyingi, huwa mgumu penye joto na unyevu. Mpingo, umeao katika nyanda kavu za Morogoro, mbali na ukungu wa vilele vya Uluguru, hauhitaji kupakwa: kiini chake cheusi, kizito hata huzama majini, hung'aa kikikerezwa na kusuguliwa. Lakini kikikauka upesi hupasuka. Kwa hiyo mafundi huziba ncha za vipande kwa nta, maji yatoke polepole. Mti huu huchukua zaidi ya miaka 70 kufaa kuvunwa. Kipande kikipasuka kwa haraka ya fundi, umepotea umri wa mzee mzima.