Farasi Aliyestaafu Mbio: Jinsi ya Kumlisha na Kumtunza Akiwa Amekonda na Ana Vidonda vya Tumbo

Mbavu zinahesabika, uti wa mgongo umetokeza na manyoya yamepoteza mng'ao. Hiyo ndiyo hali ya baadhi ya farasi wanaotoka katika mashindano ya mbio na kuanza kazi mpya ya kubeba watalii ufuoni Diani au kufundishia wanaojifunza kupanda farasi. Mmiliki humwona mnyama wake akikonda, naye humwongezea mahindi na pumba. Wiki zinapita, gharama inapanda, farasi habadiliki. Mara nyingine anazidi kudhoofika.

Kwa mkazi anayetegemea farasi kupata riziki, hasara hiyo si ndogo. Mnyama asiye na nguvu hawezi kubeba mtu, na akifa hakuna wa kumrejeshea mmiliki fedha alizotumia kumnunua. Makala haya yanaeleza kwa nini farasi wa mbio hupata vidonda vya tumbo, jinsi ya kumlisha hadi arudishe mwili, na makosa yanayoweza kumuua.

KWA NINI FARASI WA MBIO

Nchini Kenya, mashindano ya mbio za farasi hufanyika katika Uwanja wa Ngong, Nairobi, chini ya usimamizi wa Jockey Club of Kenya. Farasi hao ni wa aina ya Thoroughbred. Wengi huanza mafunzo wakiwa na umri wa miaka miwili na huacha mbio wakiwa bado vijana, ilhali farasi aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 25. Hivyo, anayemnunua farasi aliyestaafu huenda akakaa naye miaka mingi.

Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake. Linabeba kati ya lita 8 na 15 pekee, na hutoa asidi mchana na usiku hata kama farasi hali chochote. Kinga yake ni mate, ambayo hupunguza ukali wa asidi. Lakini farasi hutoa mate anapotafuna tu. Nyasi hutafunwa kwa muda mrefu na kuleta mate mengi, na nafaka humezwa haraka na kuleta mate machache.

Farasi wa mbio hulishwa nafaka nyingi na nyasi kidogo ili apate nguvu, hufungiwa bandani saa nyingi, na hukimbizwa kwa kasi. Anapokimbia, misuli ya tumbo hukaza na kuirusha asidi hadi sehemu ya juu ya tumbo isiyo na utando wa kuikinga. Hapo ndipo vidonda vingi huanzia. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya farasi walio katika mafunzo ya mbio wana vidonda, na baadhi ya tafiti zimepata hadi farasi tisa kati ya kumi.

DALILI ZA KUANGALIA

Farasi mwenye vidonda huenda akaonyesha baadhi ya dalili hizi:

• Anakonda ingawa anapewa chakula.
• Anaanza kula nafaka, kisha anaiacha katikati.
• Anakasirika, anatega masikio nyuma au kutaka kuuma anapofungwa mkanda wa tandiko.
• Anapata msokoto wa tumbo wa mara kwa mara, hasa baada ya kula.
• Anatafuna mbao za banda, au amebadilika tabia na kukataa kazi.

Dalili hizi pekee hazithibitishi vidonda. Farasi anaweza pia kukonda kwa sababu ya minyoo, meno mabovu, magonjwa yanayoletwa na kupe, au kwa kukosa chakula cha kutosha. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwita daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Daktari atakagua meno, atapima kinyesi kuona kama kuna mayai ya minyoo na atapima damu ikihitajika. Vidonda huthibitishwa kwa kamera yenye mpira mrefu wa mita tatu hivi inayopitishwa puani hadi tumboni. Pale ambapo kifaa hicho hakipatikani, daktari anaweza kuamua kumtibu farasi kwa kufuata dalili na kuangalia maendeleo yake.

Dawa inayotumika zaidi ni omeprazole iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi. Hutolewa mara moja kwa siku, na matibabu kwa kawaida huchukua wiki nne au zaidi. Daktari ndiye anayepanga kipimo kulingana na uzito wa farasi, na ndiye anayesema lini ipunguzwe. Vidonge vya binadamu visitumiwe kwa kukisia. Vilevile, dawa za maumivu kama phenylbutazone, ambazo hutolewa sana kwa farasi wanaochechemea, zinaweza zenyewe kusababisha vidonda. Mweleze daktari kila dawa ambayo farasi amewahi kupewa.

PIMA UZITO KWA FUTIKAMBA

Hakuna haja ya mizani kubwa. Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Jibu ni uzito wa kukadiria kwa kilo.

Kwa mfano, farasi mwenye mzunguko wa sentimita 175 na urefu wa sentimita 160 ana uzito wa takriban kilo 412. Rudia kipimo kila baada ya wiki mbili, siku na saa zilezile, na uandike katika daftari. Macho ya anayemwona farasi kila siku hayaoni mabadiliko madogo, lakini daftari litayaonyesha.

CHAKULA CHA KILA SIKU

Nyasi ndiyo msingi. Farasi anayerudishwa mwili anahitaji angalau asilimia 2 ya uzito wake kwa siku. Farasi wa kilo 412 atahitaji kilo 8 hadi 9 za hei kavu, kama ile ya nyasi ya Rhodes. Isigawanywe mara mbili tu. Iwepo muda mwingi, pamoja na usiku, ili tumbo lisikae tupu kwa zaidi ya saa nne au tano.

Ongeza lusini. Kalisiamu na protini iliyo ndani ya lusini husaidia kupunguza ukali wa asidi. Kilo moja na nusu hadi mbili za lusini kavu zinaweza kuchukua nafasi ya kiasi hicho hicho cha hei. Mpe kidogo pia nusu saa kabla ya kazi, ili tumbo lisiwe tupu anapokimbia.

Punguza nafaka. Mlo mmoja wa nafaka au chakula cha kuchanganya usizidi kilo moja hadi moja na nusu. Ni bora milo mitatu au minne midogo kuliko miwili mikubwa. Pumba za ngano zisifanywe chakula kikuu, kwa sababu zina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo, jambo linalodhoofisha mifupa.

Tumia mafuta. Mafuta ya kupikia yatokanayo na mimea huongeza nguvu bila kumjaza farasi wanga. Anza na vijiko vitatu vikubwa kwa siku na uongeze polepole kwa wiki mbili hadi robo lita.

Maji na chumvi. Farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na zaidi katika joto la Pwani. Maji safi yawepo wakati wote, pamoja na jiwe la chumvi.

Mabadiliko yoyote ya chakula yafanywe hatua kwa hatua kwa siku 10 hadi 14. Ikiwa farasi amekonda kupita kiasi kwa kukosa chakula, usimjazie nafaka kwa huruma. Mwili uliozoea njaa unaweza kushindwa na wanga mwingi wa ghafla, na farasi akafa siku chache baada ya kuanza kulishwa. Wataalamu hupendekeza kuanza na lusini kidogo kidogo kila baada ya saa nne, chini ya uangalizi wa daktari.

MAMBO YANAYOWEZA KUUA

Chakula cha kuku na cha ng'ombe. Baadhi ya vyakula hivi huwekwa monensin, kiungo kisichodhuru kuku lakini kinachoharibu moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Usimpe kamwe, na usimwachie farasi afike ghalani.

Mahindi yenye ukungu. Sumu ya ukungu huo hushambulia ubongo wa farasi, na hakuna tiba yake. Mahindi ambayo watu wameyakataa yasipelekwe bandani.

Dawa ya kupe yenye amitraz. Ng'ombe huogeshwa kwa dawa hii bila shida, lakini kwa farasi inaweza kusimamisha matumbo. Soma kibandiko kabla ya kununua katika duka la agroveti.

Mchanga. Farasi anayelishwa chini kwenye mchanga humeza mchanga pamoja na hei, nao hukaa matumboni na kuleta msokoto. Tumia hori, ndoo pana au mkeka wa mpira.

MAPUMZIKO NA KAZI

Farasi aliyekonda asibebeshwe mtu hadi daktari aruhusu. Tandiko juu ya mgongo usio na nyama huleta majeraha. Mpe muda wa kutembea nje kila siku na, ikiwezekana, mwenzake wa karibu, kwa sababu upweke na kufungiwa huongeza wasiwasi unaochochea vidonda. Hakikisha pia anapata chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, na kwamba kwato zake zinatunzwa.

Subira inahitajika. Kurudisha mwili huchukua miezi, si siku. Akianza kumaliza chakula chake na tabia yake ikatulia, hiyo ni dalili njema hata kabla mbavu hazijafunikwa.

SHERIA

Kumnyima mnyama chakula au kumfanyisha kazi akiwa hana afya ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Mkazi anayemwona farasi, punda au ngamia akiteswa anaweza kutoa taarifa katika kituo cha polisi au ofisi ya mifugo iliyo karibu.

Mmiliki anayehitaji ushauri afike katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yake akiwa na daftari la vipimo na orodha ya vyakula na dawa alizotumia. Ni vyema kufika mapema, farasi angali anasimama na kula.