Dawa za Saratani na Jeraha la Utumbo

Mgonjwa wa saratani hurejea nyumbani baada ya kutundikiwa dripu ya dawa. Siku chache zikipita, tumbo humsokota, chakula hakimkai na kuharisha hakukomi. Jamaa hudhani amekula kitu kibaya, au kwamba maradhi yameenea. Mara nyingi sababu ni dawa zenyewe.

Dawa za kemotherapi huua seli zinazogawanyika kwa kasi, kwani hiyo ndiyo tabia ya saratani. Lakini mwilini zimo pia seli njema zenye tabia hiyo: za mizizi ya nywele, za uboho na za utando wa ndani wa utumbo. Utando huo hujijenga upya takriban kila siku 3 hadi 5. Dawa ikizuia seli mpya, zile kuukuu hudondoka pasipo mrithi. Utumbo hupata vidonda, hushindwa kufyonza maji na chakula, na vijidudu hupata mwanya wa kupenya hadi kwenye damu, ilhali askari wa mwili, chembe nyeupe, nao wamepungua.

Dawa ya irinotecan inajulikana zaidi kwa madhara haya. Ini huipunguza makali na kuitoa kupitia nyongo, kisha bakteria wa utumboni huirudishia ukali wake.

Familia ifanye nini? Kwanza, mgonjwa anyweshwe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Apewe uji wa mchele, ndizi mbivu na viazi. Pilipili, vyakula vya mafuta mengi na maziwa viwekwe kando kwa muda. Asipewe dawa ya kufunga tumbo wala mitishamba kabla ya kumuuliza daktari.

Joto la mwili likifika nyuzi 38, akiona damu chooni, au mkojo ukikauka, apelekwe hospitali usiku huo huo. Na Ramadhani ikiwadia, asione haya kula: sheria imemruhusu mgonjwa.

Wengine huacha tiba kimyakimya kwa kuchoshwa na tumbo. Huko ni kujidhulumu. Daktari akiambiwa mapema, aweza kupunguza dozi au kuiahirisha. Na utando, ukipewa nafasi, huota tena.