Tuwatunze Wasomao na Wasomeshao

Furaha zipitazo furaha ya nyumba iliyohitimisha mtoto Qurani ni chache mno. Sisi wa Nyabibuye, katika milima ya Buha karibu na mpaka wa Burundi, twaijua vyema furaha hiyo. Maharage yakisha kuvunwa na kuuzwa, na wazazi wakiwa na chochote mkononi, turubai hufungwa, mchele huchaguliwa, mbuzi huchinjwa, na watoto husimama mmoja mmoja kusoma mbele ya jamaa zao. Wazee ambao wenyewe hawakubahatika kuijua hata alifu hutokwa na machozi. Nasi walimu huona siku hiyo ya kuwa taabu ya miaka haikwenda bure.

Furaha hii hatuikatazi. Neno tuulizalo ni moja tu: jioni, turubai likisha kufunguliwa, aliyehitimu amerudi kwao na kitu gani?

Imamu Bukhari amepokea habari ya mtoto aliyeitwa Amru bin Salima. Watu wake walikaa penye maji, katika njia ya wasafiri. Kila wasafiri walipopita, waliulizwa habari za Mtume (S.A.W.), nao wakisoma yale waliyoyasikia kwake. Mtoto akisikiliza, na kila alilosikia likakaa kifuani mwake. Ilipofunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra (630), babaye alikwenda kusilimu, akarudi na amri ya kuwa awasalishe aliye na Qurani nyingi zaidi. Wakatazamana, wasione aliyemzidi mtoto yule. Wakamtanguliza, naye ana umri wa miaka sita au saba. Lakini alikuwa na kishuka kifupi, na kila aliposujudu kilipanda. Mwanamke mmoja akawaambia wanaume wamsitiri msomaji wao. Basi wakanunua kitambaa, wakamkatia kanzu. Amru mwenyewe amesimulia ya kuwa hapana kitu kilichomfurahisha kama kanzu ile.

Tazameni jinsi watu wale walivyomtunza mwanafunzi wao. Walimwangalia, wakaona alichopungukiwa, wakamtimizia. Na aliyeona kwanza alikuwa mwanamke.

Mtoto wa Nyabibuye ana mzigo usio mdogo. Nyumbani asema Kiha, shuleni asoma kwa Kiswahili na kufundishwa Kiingereza, na jioni aja kwetu kukutana na herufi za Kiarabu. Ada ya shule iliondolewa tangu Januari 2016, nayo ni neema kubwa. Lakini sare, madaftari na kalamu havikuondolewa mabegani mwa mzazi. Tumepata kuona aliyehitimu kwa shangwe, na juma la pili asionekane shuleni kwa kukosa madaftari, hali thamani ya mbuzi mmoja wa karamu yake ingalimtosha mwaka mzima. Nasi hatujitoi katika lawama hiyo. Nyama ile tuliila.

Jambo jingine ni hili la wa kwanza, wa pili na wa tatu. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Taifa lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wako walionung'unika. Sisi tuliona ni sawa, ingawa tulichelewa kuyatia hayo katika madrasa zetu. Mtoto aliyeanza mwaka hawezi kupambanua ba na ta, naye huchota maji na kuchunga mbuzi kabla ya kuja kusoma, akaumaliza mwaka anasoma Juzuu Amma pasipo kushikwa, huyo amekwenda mwendo mrefu. Wala hapati zawadi, kwa kuwa wako watatu waliomtangulia.

Na mabinti je? Katika mahafali moja tuliyoisimamia wenyewe, majina yao yaliachwa mpaka mwisho, na zamu yao ilipofika sahani zilikuwa zimekwisha kuandaliwa. Binti aliyesoma vizuri kuliko wote siku ile alisoma katikati ya kelele za vijiko. Tumesahau ya kuwa Bibi Hafsa, mkewe Mtume, alifundishwa kuandika na mwanamke mwenziwe, Bibi Shifaa bint Abdillahi.

Walimu nao wana haki yao. Mwalimu wa chuo hupata kidogo apewacho na wazazi, pengine debe la mahindi, pengine kusaidiwa kulima siku moja. Siku ya mahafali husifiwa mgeni rasmi, na mwalimu akakaa nyuma na daftari lake la majina. Na mwalimu wa shule, aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali akamfundisha mwanetu hesabu, mara nyingi hata haalikwi, hasa akiwa Mkristo. Ndugu zetu, baada ya vita vya Badri, mwaka 624, mateka wa Makureshi waliojua kuandika na wasiokuwa na mali waliambiwa kila mmoja asomeshe watoto kumi wa Madina, na hiyo iwe fidia yake. Nao walikuwa washirikina waliokuja kupigana. Ikiwa kazi yao ya kusomesha ilihesabiwa kuwa fidia ya mtu, huyu jirani yetu mwema hastahili hata mwaliko na shukurani?

Basi mwaka huu wazazi wenzetu wameshauriana. Mbuzi watakuwa wawili badala ya watano. Fedha itakayosalia itanunua vitambaa na madaftari kwa kila mtoto, na barua zitapelekwa kwa walimu wa shule, wote. Mabinti watasoma kwanza. Fundi cherehani wa sokoni ameomba aletewe watoto awapime kabla ya Shaabani kwisha, kwani ikiingia Ramadhani nguo za Idi humzidi.