"Isiyochafuka" au "Inayokinza Ukoga"?

Tulipokuwa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, tulionyeshwa karatasi ya maelezo iliyofuatana na mipira ya mkojo iliyotengenezwa kwa silikoni. Mfasiri, ambaye hatumjui, alikuwa ameandika kwamba mpira huo "hauchafuki". Ndugu wa mgonjwa mmoja aliuliza swali la haki: kama hauchafuki, mbona tunaambiwa turudi kuubadilisha?

Swali hilo lilitulazimu kuitazama upya istilahi yenyewe. Silikoni ya namna hii huchelewesha uchafu, haiuzuii kabisa. Bakteria hujishikiza juu ya mpira, hutoa ute, na hatimaye hufanya utando ambao dawa huupenya kwa shida. Baadhi yao, hasa Proteus mirabilis, huvunja urea iliyomo katika mkojo na kutoa amonia. Mkojo hupoteza uasidi wake, na chumvi za kalsiamu na magnesiamu huganda hata kuziba tundu. Wataalamu wamejaribu kuipaka silikoni fedha, kuichora mistari midogo mfano wa ngozi ya papa, na kuilowesha mafuta ili uso wake uteleze. Haja ya kuubadilisha mpira ingalipo.

Kwa hiyo tunapendekeza "silikoni inayokinza ukoga". Ukoga wa meno unajulikana na kila apigaye mswaki, nao kwa asili ni utando uo huo wa bakteria. "Silikoni sugu" tunaikataa: usugu umekwisha kuzoeleka kwa vijidudu visivyosikia dawa, na muuguzi atakayeyakuta yote mawili katika ukurasa mmoja atatatizika. Tulilitamani pia neno la mabaharia, deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa chini ya chombo. Lakini huko Mbozi au Ileje ni wangapi walijuao?

Liko tatizo jingine. Neno "silikoni" limebebeshwa elementi ya 14 pamoja na mpira unaotokana na minyororo ya elementi hiyo na oksijeni. Walimu wa kemia waseme "mpira wa silikoni" wanapokusudia huo wa pili. "Katheta" ibaki katika vitabu vya waganga.

Karatasi ile ya Tunduma sisi tungaliiandika hivi: "Mpira huu wa mkojo unakinza ukoga, lakini hauuzuii kabisa. Rudi kuubadilisha siku uliyoandikiwa."